Filamu ya wizi ituonyeshe wizi wenyewe, au ifiche? Twendeni, watu wa Tanga

Mkonge Mkavu:
Wakuu, salaam. Juzi usiku nimelipa shilingi 500 banda la video, Makorora, nikatoka na hasira. Filamu ya Kimarekani: kijana mhudumu wa mgahawa anaiba taarifa za kadi za benki za wateja. Dakika 20 za mwanzo, raha tupu. Anapokea kadi, anaichanja kwenye mashine ya malipo, halafu mkono unashuka kwenye aproni, anaichanja tena kwenye kidude cha ukubwa wa kiberiti. Mteja anacheka na mkewe, hana habari. Banda zima kimya, hata muuza karanga kasimama.

Basi, ikaharibika hapohapo. Likaja genge la bunduki, magari yakapaa, ghala likalipuka, na kadi hatukuziona tena. Mgeuze yule kijana awe muuza unga, nusu ya pili hubadilishi neno.

Kilichoniuma zaidi ni kuwa filamu haikusema kile kidude kinafanya nini. Alisema DJ wetu anayetafsiri, kwa maikrofoni yake inayokoroma: “Ule mstari mweusi nyuma ya kadi ni kama kanda ya kaseti. Kilichomo ni kilekile leo na kesho. Ukikinakili, mashine inakuona wewe ndiye mwenye kadi.” Tukaelewa wote. Mwandishi kalipwa madola, kashindwa na DJ wa Makorora.

Nasema filamu ya wizi lazima ionyeshe wizi unavyokwenda. Jirani yangu kasema huko ni kufundisha wezi. Nyie mwasemaje?

Mwalimu wa Chumbageni:
Mwanangu, mimi ni upande wa jirani yako. Wewe umeona ufundi. Mwanafunzi wangu aliyekaa benchi la mbele kaona ajira. Usiniambie habari za madaraja ya umri. Sheria ya filamu tunayo tangu 1976, lakini pale mlangoni nani anauliza umri? Mwenye 500 anaingia.

Kijana wa Raskazone:
Mnachosha. Sie twalipa tuone bunduki. Anayetaka somo aende chuo.

Fundi Simu, Barabara ya 12:
Shikamoo, Mwalimu. Hiyo njia anayoiona mwanafunzi wako imeshazibwa kwa sehemu kubwa. Kale kamraba kanakong'aa mbele ya kadi, yaani chipu, hutoa msimbo mpya kila ukilipa. Ukiunasa wa jana, leo haufai kitu. Ufaransa walizieneza chipu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uingereza ikafanya namba ya siri kuwa lazima Februari 2006. Marekani, yenye pesa zote zile, ilijikokota. Mpaka Oktoba 2015 ilipoanza kazi kanuni ya kampuni za kadi kuwa duka lisilo na mashine ya chipu litabeba lenyewe hasara ya kadi bandia, ndipo wenye maduka wakakimbilia kununua.

Mkonge, filamu yako ilipita juu ya hazina hii bila kuinama. Kwa nini mlango uliachwa wazi miaka yote hiyo, na nani alikuwa akipiga hesabu kwamba kuibiwa ni nafuu kuliko kubadili mashine?

Tena kisa cha kweli kipo. Albert Gonzalez, kijana wa Miami. Mwendesha mashtaka alisema yeye na wenzake walinasa namba zaidi ya milioni 130 za kadi. Na wakati mwingine alikuwa analipwa na serikali awe mtoa habari wa kuwakamata wezi wenzake! Zaidi ya dola milioni 1 zilichimbuliwa nyumbani kwa wazazi wake, zimefukiwa kwenye pipa. Machi 2010 akafungwa miaka 20. Humo hakuna ghala lililolipuka, na mimi ningekaa mpaka mwisho.

Mwalimu wa Chumbageni:
Marahaba. Kisa kitamu. Lakini naona hata wewe unamsifia mwizi.

Dada Wakala, Ngamiani:
Samahani wakubwa, mimi nimeganda kwa yule mteja aliyekuwa anacheka na mkewe. Mkonge, alirudi tena kwenye filamu?

Mkonge Mkavu:
Hakurudi, dada.

Dada Wakala, Ngamiani:
Nilijua. Mimi hao ndio wateja wangu. Mwezi uliopita kaja babu mmoja, simu kaikumbatia kama yai. Kapata ujumbe: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Kodi ya nyumba alikuwa anadaiwa kweli. Namuuliza, “Babu, umempigia mwenye nyumba?” Ananijibu, “Kaniandikia mwenyewe.” Nikapiga mimi, kwa spika. Mwenye nyumba kasema hajaandika kitu. Babu kaniuliza polepole, “Basi na ile ya asubuhi, elfu themanini, nimempa nani?”

Alishatuma kupitia wakala mwingine. Tapeli wala hamjui babu. Anarusha ujumbe kwa watu chungu nzima, wala hataji jina wala kiasi, kwa sababu mjini hapa hakosi mtu anayedaiwa. Kidude cha aproni cha nini? Na siku hizi laini zote tumesajili kwa vidole, bado jumbe hizo zinaingia.

Mwalimu, ukificha njia, babu ndiye anayebaki gizani. Tapeli anaijua.

Mwalimu wa Chumbageni:
Kwa babu hapo umenikamata. Kwa mtoto wa benchi la mbele bado.

Kijana wa Raskazone:
Hata mimi ule ujumbe nimeupata jana. Nilikuwa sidaiwi, bahati.

Mkonge Mkavu:
Wakuu, nimempelekea DJ maneno ya Dada Wakala. Kasema Jumamosi anairudia ileile, ila yule mteja safari hii atampa jina, na pesa iliyoibwa itakuwa ada ya mwanawe. Kwenye mabomu atanyamaza.

Mwalimu wa Chumbageni:
Jumamosi saa ngapi?