Brashi ya choo: ya kwako unaioshaje, na ina umri gani? Tupeane uzoefu

MamaPacha wa Gungu

Mwakeye wadau. Mada hii ni ya chooni, anayekula amalize kwanza.

Kwa wiki tatu nyumba yangu hapa Gungu, Kigoma, ilikuwa inanuka. Si harufu ya choo kilichojaa, ni uvundo wa chinichini, kama maji ya muhogo uliovundikwa ukasahaulika. Nilisugua sinki la choo asubuhi na jioni. Nikamwaga dawa kwenye kila tundu la bafuni. Nikawashuku watoto, nikamshuku mpangaji wa chumba cha uani, mwisho nikamwita fundi bomba. Akachutama, akanusa huku na huku, halafu akanyoosha mkono akainua kopo la brashi. "Mama, choo chako cha pili hiki hapa." Ndani mlikuwa na maji ya kahawia yenye utelezi, kina cha vidole viwili, na brashi imesimama humo tangu sijui lini. Akachukua elfu tano yake ya usumbufu akaondoka. Bomba hakuligusa.

Hela haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba muda wote ule, kila nikisugua sinki nilikuwa nachota uvundo kwenye kopo na kuupaka upya. Baba watoto naye akaniuliza, kwani brashi yenyewe inaoshwaga na nini? Sikuwa na jibu. Basi nawauliza nyie: mnaoshaje, mnakausha wapi, na mnaitupa lini?

Dada wa Gesti, Tabora

Mwangaluka dada. Mimi nafanya usafi kwenye gesti, jina nalihifadhi maana bado nahitaji mshahara. Vyumba 11, vyoo 11. Siku ya kwanza nilikabidhiwa brashi moja ya nyumba nzima. Nikifika chumba cha sita nilikuwa nasambaza, sisafishi. Nilimweleza bosi, akasema brashi ni brashi. Mpaka mgeni mmoja aliponikuta koridoni nimeishika inachuruzika, akaenda mapokezi akadai hela yake. Jioni hiyo hiyo zikaja brashi 11.

Sasa nikuambie, kazi kubwa si dawa, ni kukausha. Ukimaliza kusugua, flashi brashi ikiwa humo humo kwenye sinki, maji safi yaipitie. Halafu laza mpini juu ya ukingo wa sinki, shusha kiti kiubane, kichwa cha brashi kining'inie kwa ndani. Mimi naiacha hivyo, natandika kitanda, nafagia, napanga taulo. Nikirudi imeshachuruzika yote, ndipo inarudi kwenye kopo. Na kopo nimelitoboa matundu chini kwa msumari wa moto, nikaliweka kwenye kisahani ambacho nakimwaga kila siku. Ukirudisha brashi mbichi kwenye kopo lisilo na tundu, hata uwe na dawa ya namna gani, uvundo utarudi.

Kuiosha yenyewe, mara moja kwa wiki. Vaa glavu. Anza na sabuni ya unga, chomoa karatasi na nywele zilizonasa katikati ya nyuzi, suuza. Jiki baadaye. Wengi wanatia jiki moja kwa moja kwenye brashi chafu, matokeo yake uchafu unakula nguvu ya dawa kabla haijafanya kazi. Mimi natia kikombe 1 cha jiki kwa vikombe 9 vya maji ya baridi, naitumbukiza brashi pamoja na kopo lake, nusu saa. Nasuuza, naanika. Mchanganyiko nafanya wa kutosha siku hiyo tu, ukilala unapungua nguvu, na ukikaa juani ndiyo kabisa.

Mpangaji Mwanga

Dada wa Gesti yuko sahihi, ila kaacha kitu ambacho mimi kilinitoa bafuni nikitambaa.

Bafu letu halina dirisha, lina kitundu cha tofali moja. Jumamosi ni zamu yangu ya usafi, nikasema leo nafanya ya kukomesha. Nikaloweka brashi kwenye ndoo ya jiki, halafu nikaongezea ile dawa kali ya kutoa kutu na madoa ya sinki, yenye asidi. Akili yangu iliniambia mbili ni bora kuliko moja. Haikupita dakika macho yanawaka, koo limebana, kifua kama kimefungwa kamba. Nilikohoa mpaka usiku. Nesi jirani yetu akanieleza kwamba jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na kwamba siki na ndimu pia ni asidi, kwa hiyo wale wa "ongeza ndimu kidogo ikate harufu" muache. Hata mkojo uliokaa una amonia ambayo haipatani na jiki. Flashi kwanza, suuza kwanza, na mlango uwe wazi.

Bibi wa Ujiji

Wanangu, nawasoma kupitia simu ya mjukuu. Mimi choo changu cha kuchuchumaa, brashi zenu zenye kopo sinazo. Nina fagio la njiti za mchikichi, mkia wake nimeufunga kwa mpira. Nikimaliza kusugua nalikung'uta, nalipiga sabuni ya mawese, nalisuuza, nalisimamisha ukutani uani, njiti juu, jua lilipige. Halijawahi kulala bafuni. Njiti zikiisha zikabaki shubiri moja nalichoma, naomba nyingine, michikichi Kigoma tele.

Nyinyi mnachukua kitu kilicholowa mnakitumbukiza kichwa chini ndani ya kopo lenye giza, halafu mnaita fundi.

Mzee wa Cheyo

Shikamoo Bibi. Jua ni sawa, lakini kwa njiti. Plastiki ni hadithi nyingine. Mimi niliweka utaratibu wa kuanika brashi juu ya bati, hapa Tabora, mwezi wa kumi, nanyi mnalijua jua la mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza. Ilikuwa inashinda huko siku nzima. Baada ya muda nyuzi zikawa zinakatika kama tambi kavu, zinabaki kwenye sinki. Nikanunua nyingine, hiyo nikaichemsha kwenye sufuria chakavu ili niue kila kitu. Ikatoka imepinda, inatazama pembeni kama imechukia.

Siku hizi saa moja mbili za jua, basi, kisha kivulini penye upepo. Na kila baada ya miezi 6 natupa, iwe nzima isiwe nzima. Tarehe naiandika kwenye mpini kwa kalamu ya wino mzito.

Dada wa Gesti, Tabora

Shikamoo baba. Miezi 6 ni ya nyumbani kwako mlipo wachache. Kwa wageni wanaoingia na kutoka, yangu haimalizi mitatu. Mimi siangalii kalenda, naangalia nyuzi. Zikilala kama nywele zilizolaliwa, hazisugui tena, zinapapasa tu, na chini ya ule ukingo wa sinki hazifiki. Ikibaki na harufu baada ya kuoshwa na kukauka, itupe. Ikibadilika rangi mpaka kwenye shina, itupe. Na zile ambazo nyuzi zimesokotwa kwenye waya, ukiona waya umeshika kutu na ncha imetokeza, hiyo itupe leo leo. Waya unakwaruza sinki, na penye mkwaruzo ndipo madoa yanapong'ang'ania, utasugua mpaka uzeeke.

Mpangaji Mwanga

Nyie mnajadili miezi, sisi wapangaji sita brashi yetu niliikuta nilipohamia, na aliyenitangulia aliikuta. Juzi nimemwona mmoja anasugulia nayo kandambili. Nimemwamkia nikapita.

MamaPacha wa Gungu

Wadau nimerudi, asanteni, na Bibi shikamoo, nimesikia.

Kopo nililiosha kama alivyosema Dada wa Gesti, sabuni kwanza, jiki baadaye, mlango wazi. Nimelitoboa matundu manne. Siku ya pili uvundo ukawa haupo, mpaka mpangaji wa uani akauliza nimeweka nini. Brashi sikuihangaikia, shina lilikuwa limeshageuka rangi. Nimenunua mpya kwa 3,500 soko la Mwanga, ya plastiki tupu isiyo na waya, na tarehe nimeandika kwenye mpini kama Mzee.

Kuukuu niliiweka kwenye mfuko wa taka. Asubuhi nikaikuta imetoka, baba watoto anasema inafaa kusugulia rimu za pikipiki. Pikipiki hiyo hiyo ndiyo inayobeba mkate na maziwa ya watoto. Nimechukua msumeno nimeikata mpini vipande viwili.