Nimebeba saruji ya geti lisilo na ukuta. Sasa nani ataziba jabia ya maji ya mvua?

Wana Lamu, leo mtanisamehe, nina hasira na sitaki kupoa kwanza.

Mimi ni nahodha. Mashua yangu hubeba mizigo kutoka Mokowe kwenda visiwani. Miaka kadhaa nyuma nilipakia saruji, kokoto na nondo za mradi wa shule ya msingi waliyokuwa wakisoma wanangu wawili. Nikafurahi, wallahi. Nikadhani ni madarasa, maana darasa la nne walikuwa wakikalia jamvi. Kumbe ni geti, kwa pesa za NG-CDF, mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya jimbo la mbunge.

Geti lenyewe zuri, sitasema uongo. Nguzo mbili nene zimebandikwa vigae, juu zege, milango ya chuma imechongwa maua, na jina la mheshimiwa mbunge limeandikwa kwa herufi ambazo unazisoma ukiwa baharini hujatia nanga. Lakini shule haina ukuta. Hata ua wa makuti haina! Geti limesimama mchangani peke yake. Mbuzi wapita kando, punda wapita kando, watoto nao wapita kando. Na jioni bawabu hulitia kufuli. Nilimuuliza siku moja, wamfungia nani? Akacheka, akasema yeye ameajiriwa kufunga geti.

Sasa njoo nyuma ya madarasa. Kuna jabia ya kukinga maji ya mvua, ya tangu enzi za wazee, na ina ufa ambao mkono wangu waingia. Masika ikijaa, baada ya wiki chache maji yote yameshanywewa na ardhi. Ikifika kaskazi na jua lake, ni mimi huyu huyu nashusha mitungi ya lita 20 kwa pesa walizochanga wazazi. Fundi alikuja akautazama ule ufa, akasema mifuko michache ya saruji na kazi ya siku tatu. Mifuko michache! Ile ya geti niliibeba kwa safari ngapi, mgongo wangu ndio unaojua.

Tulikwenda kuuliza. Ofisi ya kwanza, ya mfuko, ikatuambia maji ni kazi ya kaunti. Kaunti wakasema shule ya msingi ni ya serikali kuu, rudini mlikotoka. Kila safari nauli ya boti ni yetu. Na uongo ule ulinikera zaidi nilipojua kwamba NG-CDF ina fungu la mazingira, na majimbo mengine hulitumia kununulia shule matangi ya maji. Kwa hiyo "maji si yetu" ilikuwa njia ya kututoa ofisini tu.

Na asiniambie mtu pesa hazitoshi. Sheria inautengea mfuko huu si chini ya asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu, kisha majimbo yote 290 yanagawiwa, na sehemu kubwa hugawanywa sawasawa. Lamu tuna majimbo mawili, na sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920. Mombasa wana majimbo sita na watu zaidi ya milioni 1.2. Pigeni hesabu: fungu moja huku ni la watu kama 72,000, kule kama 200,000. Sisi ndio tulipaswa kuwa tunaringa.

Siku ya ufunguzi ndiyo iliyonichoma. Mahema nilibeba mimi, viti mimi, spika mimi, masufuria ya biriani mimi. Fulana zikagawanywa, akina mama wakapiga vugo, utepe ukakatwa. Nauli ya mahema nililipwa papo hapo mkononi. Ya saruji nikazungushwa miezi mitano.

Najua kuna watakaoniambia habari ya basari. Basari naikubali, mtoto wa dada yangu amemaliza sekondari kwa hiyo. Lakini hata hiyo ilikuja na hundi ya kadibodi kubwa kuliko mtoto, na hotuba ya "nimewasomeshea watoto wenu". Amewasomeshea kwa mshahara wake? Dizeli ya boti yangu ina kodi, sabuni ya mama yangu ina kodi.

Mahakama zimesema hadi zimechoka. Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliitupa sheria ya mfuko ya 2013. Septemba 20, 2024 Mahakama Kuu ikasema na ile ya 2015 inakiuka Katiba. Mbunge kazi yake ni kutunga sheria na kuisimamia serikali, si kujenga; atakagua vipi mradi ulioandikwa jina lake? Wakafanyaje? Julai 2025 Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuutia mfuko ndani ya Katiba yenyewe, na mifuko ya wabunge wawakilishi wa akina mama na ya maseneta juu yake. Bei ya unga hubishana mpaka usiku, lakini siku hiyo walikuwa kitu kimoja.

Mheshimiwa simtaji. Majimbo ni mawili, mtakisia na mtakosea, kwa sababu geti ni la zamani na viti vimebadilika. Waliokuja baadaye nao hawakujenga ukuta, na sababu naijua: ukuta wa geti la mwenzio utaupaka jina la nani?

Pale kuna bango la mradi. Tarakimu za gharama zimeliwa na chumvi, hazisomeki. Jina limepakwa rangi upya mara mbili.

Niliandika barua kuomba BQ, yaani orodha ya vifaa na gharama zake, na hati za malipo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kunijibu. Huu ni mwezi wa nne, na nikienda naambiwa faili iko Nairobi. Kama kuna mtu humu amewahi kupata hati za mradi wa kijijini kwake, anielekeze alipitia wapi, au kama una picha ya bango lenye tarakimu zinazosomeka, iweke hapa chini tulinganishe.

NYONGEZA: Kuna aliyenitumia ujumbe kwamba nifute uzi huu kama naipenda kazi yangu. Ndugu, kazi yangu ni kubeba mizigo. Jumatatu nina mitungi arobaini ya shule, njoo unisaidie kushusha. Tutapita kando.