Naomba ushauri: makaratasi ya ukoo wa mume wangu huku North Carolina

BintiUpareni: Ndugu wanajamvi, waliotutangulia shikamooni. Nimeolewa North Carolina, Kusini mwa Marekani, katika ukoo uliokaa kwenye shamba moja tangu kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Bibi wa mume wangu amefariki, nyumba inauzwa, na darini tumekuta sanduku la barua, hati za ardhi na Biblia iliyoandikwa vizazi, ndoa na vifo vya ukoo. Mama mkwe amenikabidhi kazi ya kuyapanga. Je, tuwagawie wajukuu au tuyapeleke maktaba ya chuo kikuu?

FundiJalada: Yatoeni darini leo hii, dada, kwa sababu joto na unyevu wa huko humaliza karatasi upesi. Palipochanika msibandike selotepu, kwani gundi yake hugeuka kahawia na kuingia kwenye maandishi. Zilazeni barua katika majalada yasiyo na asidi, na alama ziandikwe kwa penseli. Msigawane: barua ikitengwa na jibu lake, mazungumzo yamekatika.

MwanaLamu: Babu yangu aliacha barua za biashara za Kiswahili, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sisi wajukuu hatukuweza kuzisoma, tukaziacha kashani hadi mchwa wakazila. Imebaki moja, nayo imetoboka pale palipokuwa na jina la aliyeandikiwa. Hadi leo inaniuma.

Kiguzo: Mleta mada, kuchagua kati ya wajukuu na maktaba hakumnyimi mtu usingizi, nawe umeandika usiku wa manane. Ndani ya sanduku kuna nini ambacho hujatuambia?

BintiUpareni: Kuna daftari la shamba. Limeorodhesha watu waliomilikiwa kama watumwa: jina la mama, chini yake watoto wake, na mbele ya kila mmoja blanketi na viatu alivyopewa. Mama mkwe anataka libaki nje ya sanduku litakalokwenda maktaba, kwa kuwa anaona litawaaibisha wajukuu. Nimekwisha kulichukua, liko kabatini kwangu, chini ya kanga. Sikuliiba. Nililitoa pale lilipoweza kutupwa, na yeyote ambaye angeyaona majina yale angefanya vivyo hivyo.

MzeeWaBaraza: Binti yangu, aliyeolewa huingia ukoo kwa adabu. Umekabidhiwa funguo, hukukabidhiwa siri. Lirudishe, kisha uzungumze.

Sahihisho: Mimi naona kisa hiki ni cha kutungwa. Orodha za watumwa za sensa ya 1850 na ya 1860 zilitaja majina ya wamiliki, na watumwa kwa kawaida wakaandikwa umri, jinsia na rangi, bila majina. Majina yametoka wapi?

FundiJalada: Hizo ni orodha za serikali. Mwenye shamba alijua majina, kwa sababu ndiye aliyegawa blanketi na kukadiria thamani ya kila mtu. Ndiyo maana daftari la namna hii lina uzito: wazao wa watu hao wakirudi nyuma hufika sensa ya 1870, ambayo kwa mara ya kwanza iliwaandika majina wote walioachwa huru, na hapo wengi hukwama. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kina mkusanyo wa nyaraka za Kusini ulioanzishwa 1930. Humo zimo za ukoo wa Cameron, wenye shamba la Stagville, waliomiliki watu wapatao 900. Ukoo ule haukufutika kwa sababu hiyo. Piga picha kila ukurasa, pamoja na jalada na kurasa tupu, kisha ulirudishe sandukuni mama mkwe akiona. Hati ya kukabidhi inaweza kuwa na masharti yake.

Kiguzo: Sahihisho ana haki ya kuuliza. Dada, tutajie jambo moja ambalo mtu asiyelishika daftari hilo asingelijua.

BintiUpareni: Viatu havikuandikwa kwa namba. Pembeni mwa ukurasa mmoja kumeshonwa kipande cha uzi, na mwandiko umesema ni urefu wa mguu wa mtoto. Nimeulaza kiganjani, haufiki ncha ya kidole changu cha kati. Jumapili nitampelekea mama mkwe daftari, na nitaufungua ukurasa huo kwanza.