Kiti cha mtoto cha gari: nisafiri nacho au nikitafute Uingereza?

Mama wa Tudor

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwezi wa Disemba, Mungu akipenda, mimi na mume wangu tutakwenda Leicester kumtembelea dada yangu, na njiani tutapumzika siku 3 Dubai kwa mjomba wao watoto. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 5 na uzito wa kilo 18. Mdogo wake atakuwa na miezi 14. Tukifika Uingereza tutakodi gari kwa wiki 3, kwa kuwa gari la dada yangu halitutoshi sote.

Mdogo ana kiti chake cha gari alicholetewa na binamu yangu kutoka Marekani. Ni kiti kizuri, na ningependa kusafiri nacho ili nisilipie kiti cha kukodi siku baada ya siku. Mume wangu anaona huo ni mzigo wa bure, kwani watoto hawa wamezunguka Mombasa nzima kwa tuktuk na matatu wakiwa wamepakatwa, na nyanya yao anamuunga mkono. Dada yangu naye ananionya kwamba polisi wa huko hawana mzaha katika jambo hili. Je, sheria inasemaje hasa, na kiti hiki kitanifaa?

Msafiri wa Kizingo

Waaleikum salaam, dada. Kabla hujapima uzito wa mzigo, kigeuze kiti hicho na usome kibandiko chake. Uingereza inakubali viti vilivyoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, ambavyo kibandiko chake, kwa kawaida cha rangi ya chungwa, kina herufi E ndani ya duara, nambari ya nchi iliyokiidhinisha, na maandishi R44 au R129. Kiti kilichotengenezwa kwa soko la Marekani hutaja kanuni za huko, zinazojulikana kwa kifupi FMVSS 213, na mara nyingi utakitambua kwa kibanio cha plastiki kinachounganisha mikanda miwili kifuani. Kiti cha aina hiyo, hata kiwe kipya na cha bei kubwa, hakikubaliki kisheria katika barabara za Uingereza. Nashuku kiti chako ni cha namna hiyo.

Kuhusu sheria yenyewe, mtoto hutakiwa kutumia kiti chake hadi afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Mdogo wako, akiwekwa katika kiti cha R129, lazima atazame nyuma mpaka apite miezi 15, maana kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito na shingo yake bado ni laini. Gari likigonga mbele, mgongo wa kiti ndio unaopokea kishindo badala ya shingo. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag, ule unaofumka gari likigonga) ambao haujazimwa. Huyo wa miaka 5 anahitaji kiti cha kumwinua chenye mgongo, ili mkanda wa gari upite begani na juu ya mifupa ya nyonga badala ya kumkata shingo na tumbo. Vile vikalio visivyo na mgongo, vya miundo mipya iliyoidhinishwa tangu 2017, ni vya watoto waliozidi sentimita 125 na kilo 22, kwa hiyo usivihangaikie.

Ipo nafuu moja ya teksi. Dereva wa teksi asipokuwa na kiti kinachofaa, sheria inawaruhusu watoto kupanda nyuma bila kiti. Aliyefikisha miaka 3 atafunga mkanda wa watu wazima, na wa chini ya hapo hatafunga chochote. Ruhusa hiyo inakuepusha na faini, lakini haimkingi mtoto, nami nisingeitegemea kwa safari ndefu ya kutoka uwanja wa ndege.

Dubai nako si mahali pa kupakata. Tangu 2017 sheria ya Falme za Kiarabu inataka mtoto wa chini ya miaka 4 awe katika kiti chake, na faini yake ni dirhamu 400. Mwombe mjomba wao atafute viti mapema.

Baba Pacha, Nyali

Naongeza mambo ya kukodi, kwa sababu yalinitoa jasho. Niliagiza viti viwili pamoja na gari nikalipa kabisa, lakini tulipofika usiku, tena mvua inanyesha, tulikabidhiwa kimoja ambacho mkanda wake ulikuwa umesokoteka ndani kiasi cha kutovutika, na cha pili hakikuwepo. Kampuni sitaitaja. Tangu siku hiyo hununua kiti huko huko, kwani kodi ya wiki 3 inaweza kabisa kufikia bei ya kiti kipya cha kawaida. Wewe una dada pale: akinunue, akijaribu kwenye gari lake, kisha aje nacho uwanja wa ndege. Kama ana kiti ambacho mwanawe amekishinda kwa ukubwa na yeye anajua hakijawahi kupata ajali, hicho ni bora zaidi.

Jambo ambalo sisi watu wa joto hatulijui ni koti. Wanangu niliwafunga na makoti yao mazito ya baridi, nikavuta mikanda hadi nikaridhika. Shemeji yangu aliyaona, akawafungua, akayavua makoti, akawafunga tena bila kugusa urefu wa mikanda, nami nikaweza kuingiza ngumi yangu nzima kati ya mkanda na kifua. Mtoto afungwe akiwa na nguo nyepesi, kisha afunikwe blanketi au koti lake juu ya mikanda.

Kwenye ndege, mdogo atapakatwa kwa kuwa hajafikisha miaka 2. Ukitaka akae katika kiti chake, utamlipia nafasi yake na kuliuliza shirika la ndege mapema kama kiti hicho kinakubalika. Vile vya kumwinua mtoto havitumiki angani, kwani mkanda wa ndege hauna sehemu ya begani.

Dereva Mstaafu, Changamwe

Mwanangu, mwambie mumeo maneno haya kwa upole, maana hata mimi nimewapakata wangu. Gari likigonga likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu ya kilo mia mbili na zaidi. Hakuna mikono ya mama wala ya baba inayoweza kuzuia hilo. Huwa amekwisha kuponyoka kabla hujajua kilichotokea. Tuktuk ya kwenda Tudor inatambaa kwenye foleni, lakini barabara kuu za Uingereza zinaruhusu maili 70 kwa saa, yaani karibu kilomita 112.

Tena msikimbilie viti vya mitumba vya Kongowea ili kuokoa pesa. Kiti kilichopata ajali kinaweza kuwa na ufa ndani ya plastiki usioonekana, na muuzaji hajui kimetoka wapi.

Mama wa Tudor

Nawashukuru sana. Nimekigeuza kiti na kukuta FMVSS 213, na kibanio cha kifuani kipo kama alivyosema ndugu wa Kizingo, kwa hiyo kitabaki nyumbani. Dada yangu anacho cha kumwinua mkubwa, alichokinunua mwenyewe kikiwa kipya, na cha mdogo atakinunua wiki hii. Mume wangu amesoma majibu yote kimya, kisha akauliza kama mjomba wao wa Dubai ameshapigiwa simu.