Mjadala: "Tunapitishaga" iandikwe hivyohivyo kwenye muhtasari wa kijiji?

Hoja: Kwenye mkutano wa kijiji mfugaji anasema, "Sisi tunapitishaga ng'ombe hapa kwenda lambo." Muhtasari unaandikwa, "Wafugaji wanapitisha ng'ombe hapa." Mgogoro wa njia ya mifugo ukitoka nje ya kijiji, sentensi hiyo ndiyo inayosomwa. Je, -aga, kiambishi cha mazoea mwishoni mwa kitenzi, ibaki?

Mwalimu wa Kiswahili, Bahi: Isibaki. Kiswahili sanifu kina hu- ya mazoea: "Wafugaji hupitisha ng'ombe hapa." Shuleni -aga inakatwa alama; mtoto atamsikiliza nani akiikuta kwenye karatasi yenye mhuri? Kosa la mwandishi si kuondoa -aga, ni kuiacha -na- peke yake. "Wanapitisha" inaweza kuwa leo tu.

Karani wa mahakama, Dodoma mjini: Mwalimu, hapo hu- imetosha. Sasa jaribu hizi: "Hatupitishagi ng'ombe kwenye shamba la mtu." "Zamani tulikuwaga tunapitisha huku." Hu- haikanushiki wala haipokei wakati uliopita. Ukikanusha unapata "hatupitishi", ambayo yaweza kuwa msimu huu tu. Ukirudi nyuma unapata "tulikuwa tukipitisha", na wakili atauliza: siku ile mlipokutwa, au miaka yote? Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, swali hili haliishii tena mahakama ya mwanzo.

Mwalimu: Sanifu haijakwama, ndugu karani. "Huwa hatupitishi." "Tulikuwa tukipitisha kila masika." Huwa inabeba mazoea, kitenzi kinachofuata kinabeba nafsi na ukanushi, na "kila masika" inamjibu wakili.

Mhariri wa vitabu, Dodoma: Kuna mtego haujatajwa, na ni mbaya kwa kumbukumbu za ardhi. Hu- ya mazoea ina sura moja na hu- inayokanusha nafsi ya pili umoja. Kwa vitenzi vya Kibantu irabu ya mwisho inaokoa: "hupitisha" ni mazoea, "hupitishi" ni wewe. Vitenzi vya asili ya Kiarabu havibadili irabu. "Hukubali mifugo ipite": ana kawaida ya kukubali, au wewe hukubali? "Hurudi", "hujibu", "husahau", vyote hivyohivyo. Dawa ni kumtaja mtenda: "Mwenye shamba hukubali mifugo ipite." Na vitenzi vya silabi moja vinaacha ku-: ng'ombe hunywa hapa, si hukunywa.

Lakini -aga nayo inayumba kwenye vitenzi hivyohivyo: huyu "anarudigi", yule "anarudiga". Siiiti uchafu wa lugha. Kisukuma na Kinyamwezi vina kiambishi cha namna hiyo, na usanifishaji uliofanywa tangu 1930 ulijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndiyo maana kikabaki nje. Kila lugha ina mahali pake pa kuweka mazoea: Kihispania kina kitenzi kizima, soler (kuwa na kawaida ya), kinachofanya kazi sasa na zamani, wakati used to ya Kiingereza (alikuwa na kawaida ya) ni ya zamani tu. Kiswahili cha bara kimeiweka mwishoni mwa kitenzi, na inafanya kazi kote ambako hu- inagoma.

Mtendaji wa kijiji, Kongwa: Tenganisheni sehemu mbili za muhtasari. Kwenye michango, pale haki inapotegemea mazoea, maneno ya msemaji yaandikwe kama alivyotamka, ndani ya alama za mtajo. Kabla ya kuandika, msemaji aulizwe papo hapo: tangu lini, msimu gani, ng'ombe wa nani, na nani alijua. Majibu yafuate kwa Kiswahili sanifu. Pasipo majibu hayo, hata -aga haisaidii. Mtu aliyepita mara mbili naye atasema "napitaga".

Karani: Nakubali, ila mkutano unaofuata usomewe mchango ule wenye -aga, kabla muhtasari haujathibitishwa. "Huwa" iliyoongezwa na mwandishi, msemaji anaweza kuikana.

Mwalimu: Kwa maneno ya msemaji, sawa, nimeelewa. Kwenye maazimio, hapana kabisa. "Mifugo haipitishwagi hapa" ni habari ya tabia. "Mifugo isipitishwe hapa" ndilo katazo, na faini haiwezi kusimama juu ya ile ya kwanza.