Naomba ushauri: tangi la choo la trela linaonyesha limejaa hata baada ya kulimwaga

Habari zenu wakuu. Tuna trela ya kulala, tuko wanne, na safari zetu ni za siku tatu nne mahali pasipo na bomba la maji wala la majitaka. Tangi la maji safi ni lita 150, la maji ya sinki na bafu 110, la choo 110.

La maji safi halinisumbui. La sinki linajaa siku ya pili tu, ingawa tunafunga bomba wakati wa kujipaka sabuni (binti yangu na nywele zake, hapo nimenyoosha mikono). Nafikiria tuoshe vyombo kwenye beseni, maji yake tuyamwage chooni kwa kuwa huko nafasi inabaki. Kuna aliyejaribu?

Linalonichanganya hasa ni la choo. Taa ya kipimo inasema limejaa robo tatu hata nikitoka kulimwaga sasa hivi. Nashuku karatasi zimegandia vihisio, vile vinavyopima kiwango ndani ya tangi. Kosa ni langu: safari ya kwanza tulipata kambi yenye tundu la majitaka, nikaacha vali ya kumwagia tangi la choo wazi muda wote. Maji yakaenda, mzigo ukabaki chini! Siku hizi naifunga mpaka lifike theluthi mbili, namwaga la choo kwanza, halafu maji ya sinki yasuuze mpira wa kumwagia.

Sasa nilijaze tangi maji nusu niendeshe trela yakichezacheza humo, au ninunue fimbo ya kusuuzia kupitia chooni? Aliyewahi kuvisafisha hivyo vihisio anielekeze.