Mwenye bucha wa pale kona kanitusi mbele ya watu, kisa paka wangu

Wanabaraza, naandika mikono bado yanitetema. Yule mwenye bucha, simtaji, nyote mnamjua, yule ambaye kilo yake haijawahi kufika kilo tangu aumbwe. Leo kanidhalilisha mbele ya foleni nzima.

Nilikwenda kununua mapupu na mioyo ya kuku. Chongo wangu ana FIV, kile kirusi kinachomaliza kinga ya paka. Fizi zimemvimba, hawezi kutafuna, kwa hivyo nachemsha kila kitu halafu naponda kwa mwiko mpaka kiwe uji. Kibichi simpi, kinga hana, vijidudu vya nyama mbichi vitammaliza. Chumvi, kitunguu na saumu havikaribii sufuria. Supu yake simwagi, maana taurini inayolinda moyo na macho ya paka huishia kwenye yale maji. Vyakula vya mkebe pesa sina, nshasema.

Sasa namwambia, ami, nizidishie mioyo, mgonjwa wangu jana hakula. Mgonjwa gani? Mama mmoja nyuma akamjibu, ni paka wake huyo. Yule bwana akapaza sauti hadi barabarani: "Kumbe ndiye wewe mwenye paka wa ukimwi! Usiguse meza yangu!" Akausukuma mfuko wangu kwa ncha ya kisu. Kwa NCHA YA KISU, jamani, na watu wanacheka.

Kirusi hiki kiligunduliwa California mwaka 1986 na mpaka leo hakimshiki binadamu. Paka humwambukiza paka mwenzake, tena hasa kwa kuumana. Na meza yenyewe anayoilinda ina nzi wa kutosha kuunda kaunti ya 48! Ncha ya kisu! Pesa yangu mbona aliipokea kwa mkono?

BintiKibokoni: Huyo! Mimi kaniuzia nusu kilo, nyumbani nimetoa mifupa, nyama ikaenea kijiko.

Abu_Sahani: Pole dada, lakini sisi huku twala mchicha siku ya nne, Chongo anapondewa mioyo? Kama kuna nafasi hapo kwako mimi panya nawajua kuwakamata.

MamaChongo: Usinichekeshe, nimeumia. Angenirushia mfuko kwa mkono ningesamehe. Alitumia kisu.

Nahodha_Mstaafu: Mwanangu, achana naye. Shuka soko la samaki mchana wakikaribia kufunga, vichwa vya jodari utapata kwa bei ya kuomba. Chemsha, toa miiba yote, samaki wengine wakiliwa wabichi huharibu vitamini B1 ya paka. Dagaa wakavu waroweke kwanza, wana chumvi kali. Na maini kidogo kidogo tu, yakizidi vitamini A humdhuru mifupa.

BintiKibokoni: Na mapupu peke yake hayatoshi. Ukipata zile punje za chakula kikavu cha paka, zinazouzwa kwa kupima, mchanganyie ukishazilainisha kwa supu.

MamaChongo: Ahsanteni, Mungu awalipe. Lakini je, hakuna wa kumwambia yule bwana? Kesho atamfanyia mwingine.

Tajiri_wa_Majengo: Nahodha unamtuma sokoni mchana, nauli ya tuktuk utaitoa wewe? Mvua ikidondoka tone moja bei inapaa mara mbili. Juzi mmoja kanishusha njiani eti matope yatamharibia rimu.

Abu_Sahani: Afadhali wewe umeshushwa. Mimi mwenye mkokoteni wa maji kanipandishia bei ya mtungi leo asubuhi, nikimuuliza ananiambia chota baharini.

Ukhty_Bamburi: Wallahi hao wa mitungi! Wetu maji yake yana chumvi, chai haiivi, maziwa yanakatika.

MamaChongo: Jamani, uzi ni wa kisu.

Tajiri_wa_Majengo: Ukhty, maziwa kukatika ni ya muuzaji, si ya maji. Wenu mwanunua wapi?

Ukhty_Bamburi: Kwa yule wa baiskeli nyekundu. Mnamjua.

Abu_Sahani: HUYO! Fungueni uzi wake, mimi nna ya kusema mpaka alfajiri.